Kasi ya Kioo na Baba Mkwe

Naona aibu kuisimulia hii hata leo, na mvi zote hizi, maana hakuna aliyenisukuma, nilijiharibia mwenyewe.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Niliuza ng'ombe wa kulimia, wote wawili, nikanunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa fundi mmoja kule Bulyanhulu, nikaiweka chumba cha kupanga Nyasubi, jirani na soko, ili niwachapie watu barua. Mke wangu, Mama Kulwa, akabeba mapacha akarudi kwao. Baba yake akatuma neno: "Jumamosi nakuja kuiona hiyo mashine. Ikifanya kazi, binti yangu atarudi. Isipofanya, abaki hapa."

Na ilikuwa inafanya kazi! Ilikuwa na Linux, mfumo wa kuiendesha, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, unachapa, printa inatoa. Ningeiacha hivyo. Lakini Jumamosi asubuhi roho haikutulia, nakaa nasimama, nikawaza, mzee atoke kijijini aje kutazama vijimaandishi? Nikataka rangi, picha, maua (na maua yenyewe wala siyapendi). Basi nikaanza kuweka draiva, ile programu inayoiwezesha kadi ya picha kuelewana na kioo, nayo ikaniuliza kasi ya kioo changu, yaani kinachora picha mara ngapi kwa sekunde. Sikuijua. Nikachagua namba kubwa kuliko zote, kama mtu anayechagua dume mnadani.

Kabla sijabonyeza, hodi. Baba mkwe, na nusu ya soko nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, tuone."

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikaanza kulia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, halafu pah! Moshi. Mtu akapiga kelele, "Inalipuka!" na mimi mwenye mali nikawa wa kwanza kukimbia (wa kwanza!), nikatoka kichwa mbele, nikamvaa mama mkwe, ambaye alibaki nje kwa sababu kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hata mkono hawapeani. Tukaanguka wote, mimi juu.

"Mayu wane!" akamlilia mama yake, akijifunika uso kwa kanga.

Kisha muuza nyanya akasema, "Mkwe, si ungemwamkia kwanza!"

Baba mkwe akatoka akipangusa macho. "Ng'ombe akifa tunakula nyama," akasema. "Hii tutaifanyaje?"

(Kilichoungua ni kioo tu, kompyuta yenyewe nzima, lakini ningemweleza nani?)

Nilipeleka mbuzi wa kumwomba radhi mama mkwe, nikalima shamba lao msimu mzima kwa jembe la mkono. Mama Kulwa akarudi baada ya mavuno, kwa sharti moja: kinachofanya kazi nisikiguse.

Juzi Kulwa kaniletea waya mpya wa redio.

"Redio inasikika?" nikamuuliza.

"Inasikika, baba, ila inakoroma kidogo."

"Iache hivyo hivyo."

Jikoni nikamsikia mama yake akicheka peke yake.