Tabliye ya Mgeni wa Heshima

Daktari Mbelgiji alipoondoka, mwanzoni mwa miaka ya sitini, alituachia hospitali ndogo juu ya kilima huku Masisi, mashine moja ya radio ya kutazama ndani ya mwili, jenereta yenye kikohozi na tabliye mbili. Tabliye ni vazi la mpira lenye madini ya risasi ndani yake, linalofunika mtu kutoka kifuani hadi magotini, zito kama mtoto anayekataa kushuka mgongoni. Moja ilikuwa yangu mimi niliyeendesha mashine. Ya pili ilikuwa ya mtu anayemshika mgonjwa asiyeweza kutulia.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Msimamizi wa hospitali alijifundisha mwenyewe. Kwetu mgeni wa heshima hupewa kilicho bora nyumbani, na msimamizi alipotazama hospitali nzima hakuona kitu kizito na cha gharama kuliko ile tabliye ya pili. Basi kila mkubwa aliyetutembelea aliingizwa chumba cha radio, akavalishwa, akaketishwa kwenye kiti karibu na mlango ili atazame mifupa ya watu. Walitoka wakitiririka jasho na wakishukuru. Aliyemshika mgonjwa alisimama bega kwa bega na mashine, amevaa shati lake la pamba.

Nieleze kidogo, si jambo gumu. Miale ya radio haionekani, haina harufu, haichomi ukiwa pale. Mashine inaipeleka kwenye mwili wa mgonjwa. Mingine inapenya hadi kwenye kioo na kutuchorea mifupa. Mingine inagonga mwili na kuruka pembeni, kama maji ya mto yanavyoruka yakigonga jiwe. Aliye karibu na jiwe ndiye anayelowa. Ukienda mbali mara mbili zaidi, inakufikia kama robo tu. Na wa kuogopewa zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu bado anajengwa, na nyumba inayojengwa haitaki kutikiswa. Nilimweleza msimamizi haya mara nyingi. Alitikisa kichwa kukubali, vizuri sana. Katika kutikisa kichwa sikuwahi kuona mtu hodari kama yeye.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Kirolirwe na mtoto wake mdogo wa kiume aliyemeza kifungo cha chuma. Aliyewaleta ni baba mkwe wake, mzee mwenye ng'ombe wengi kiasi cha kumfanya msimamizi achane nywele upya. Nje ya mlango nikamuuliza mama yule swali ninalomuuliza kila mwanamke kabla ya radio. Akatazama kwanza mgongo wa mzee.

"Dada, iko mwezi ya pili," akaninong'oneza. "Lakini usiseme mbele ya Papa. Tafazali."

Mkaza mwana wa kwetu hasemi jambo kama hilo mbele ya baba mkwe. Hamtaji jina, hakalii kiti chake, havai kitu kilichogusa mwili wake. Nilipoingia ndani, mzee alikuwa tayari kitini, amefungwa tabliye ya pili, msimamizi amesimama kando yake.

Mtoto alikuwa akilia na kurusha miguu, lazima ashikwe. Mama yake alishajongea kumshika. Tabliye ya mzee asingeivaa hata kwa fimbo. Yangu angeweza kuivaa, lakini mwenye mimba hasimami pale, hata akiwa na tabliye, kama kuna mikono mingine ya kushika. Na mikono ilikuwepo, minne, yote ya wanaume.

"Shefu," nikamwambia msimamizi, "mwenye tabliye ndio anashika mutoto."

"Dada! Papa iko mugeni. Mugeni anatumikishwa?"

"Basi vaa wewe, umushike."

Msimamizi akakumbuka ghafla kwamba jenereta inahitaji kuangaliwa. Mzee akamzuia kwa kidole.

"Ngoja. Dada, hii nguo iko ya kazi gani?"

Nikamweleza mto, jiwe na maji. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya ng'ombe, bila kuharakisha. Kisha akamgeukia msimamizi.

"Kumbe munanivalisha koti ya mvua na kunikalisha ndani ya nyumba? Na mwenye kutumwa inje anaenda na shati tu?"

"Papa, ile ilikuwa heshima..."

"Heshima ya kunipika! Mutu wa kwenu akifika kwangu, nitamufunga ngozi ya ngombe mubichi, nimuweke kwa moto. Dada, leta mutoto."

Mama hakumpa mkononi, maana hilo pia haliwezekani. Akamweka mtoto juu ya meza, nami nikamtoa nje pamoja na msimamizi. Nikazima taa, maana picha ya kwenye kioo huonekana gizani tu. Tukangoja macho yazoee giza. Mzee alimkumbatia mjukuu, akamwimbia wimbo wa kuitia ndama hadi akatulia.

"Dada," akasema gizani. "Ule mama wake, umemutoa inje juu ya nini?"

"Chumba iko kidogo, Papa."

"Ni kweli. Iko kidogo." Akamlaza mjukuu sawa. "Asante."

Nikakanyaga pedali ya mashine mara moja, kwa muda mfupi. Kifungo kilikuwa kimeshapita kooni, kimetulia tumboni, kingetoka chenyewe. Nikawasha taa.

Nje, mzee alimsimamisha mtoto mbele ya mama yake, akatazama vilima.

"Ambia mama yako asibebe kuni kwanza. Kuni zitaletwa."

Mama akainamisha uso. "Ambia babu, nimesikia."

Mtoto hakumwambia mtu lolote, alitaka ndizi. Wakashuka kilima, mzee mbele, mtoto mabegani mwake, mama nyuma mikono mitupu. Msimamizi akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kifungo kinahusiana nini na kuni. Nikamwambia akae, nitamweleza.