Spesioza na Kengele ya Ringi

Enzi zetu pale Mwanga, Kigoma, mwalimu hakuwa rafiki wa mtu. Watoto wa leo wakikaripiwa kidogo wanaitisha kikao cha familia. Sisi tulichapwa, tukasema asante. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyogongwa kwa nondo. Ikilia saa nne, mate yalitutoka, maana ni saa ya uji. Hata siku ambayo hakuna uji yalitoka vilevile.

Spesioza hakutokwa na mate. Alikuja na wazazi wake, wakimbizi wa vita kutoka Burundi, akaingia darasa letu la tatu, na ringi ikigongwa tu alikuwa chini ya dawati, mikono kichwani. Tulicheka hadi machozi. Tukaanza kugonga mabati makusudi, na kila tulipocheka tulipata hamu ya kugonga tena. Nami niligonga.

Mwalimu Sengo, aliyehamishwa kutoka pwani na cheti cha saikolojia alichokitaja kila asubuhi, alisema, "Woga ni tabia. Tabia inafutwa kwa fimbo." Akamchapa kila alipojificha. Baada ya wiki mbili mtaalamu wetu akawa amefaulu: Spesioza alijificha akisikia kengele, na akajificha pia akimwona yeye. Kisha akaacha shule.

Mama Zawadi, mpishi wa uji ambaye hakumaliza hata darasa la nne, akamfuata kwao. Akamrudisha, akamkalisha jikoni mwa shule, mbali na ringi, akampa kikombe cha uji.

"Kunywa, mwananje, mwanangu."

Akaagiza ringi iguswe kidogo tu. Spesioza alitetemeka, akanywa. Kesho yake kigoda alichokalia kilisogezwa hatua mbili kuelekea ringi, na nondo ikapiga kwa nguvu zaidi. Hivyo hivyo, karibu muhula mzima.

"Mama, unamdekeza huyo," Mwalimu Sengo alisema.

"Na wewe mwalimu, umemfundisha nini?"

Siku ya kufunga shule, Spesioza alishika nondo mwenyewe, akagonga hadi mkono ukachoka. Mwalimu Sengo akawaambia wazazi kwamba njia yake ya fimbo imezaa matunda.

Miaka michache baadaye familia ile ilirudi kwao. Nilikwenda bandarini kumwomba Spesioza radhi. Nikaishia kumuuliza kama wamebeba dagaa wa kula njiani. Watoto wa leo, pamoja na kelele zao zote, huomba radhi kwa simu kabla chai haijapoa. Mimi hata jina la kijiji chao sikuuliza.