Movie za ma-hacker zimetudanganya: nilivyoshindwa kufungua laptop ya marehemu kaka yangu Newala

Habari za muda huu wakuu.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwetu Newala. Shahidi ni mama yangu mzazi, ila simu yake ni kitochi, kwa hiyo humu hamtampata.

Nina ofisi ndogo Masasi mjini. Napiga windows, natengeneza printer, naingiza nyimbo kwenye flash. Lakini ukoo mzima wananiita Haka. Jina hilo alinipa kaka yangu Bakari.

Tulipokuwa wadogo maji Newala yalikuwa ya kuvizia (wa huko mnajua, hata leo). Tulikuwa tunapanga ndoo kwenye foleni bombani, halafu mbio banda la video. Tulikuwa wagonjwa wa movie za ma-hacker. Jamaa kavaa sweta la kofia, maherufi ya kijani yanamwagika kwenye screen, anabonyeza keyboard kama anatwanga kisamvu, mouse hagusi hata kidogo, mara king'ora, mlango wa benki huo unafunguka!

Bakari ananinong'oneza, "Dogo, wewe ndo utakuwa yule."

Tukirudi bombani ndoo zimesharukwa. Mama akishika fimbo, Bakari anasema kosa ni lake peke yake.

Nimemmisi sana huyu mtu, wakuu. Niliseme tu mapema.

Bakari alifariki mwaka jana, aliumwa ghafla. Alikuwa mwalimu huko Nanganga. Simu yake ilipotea kwenye zile purukushani za kumkimbiza hospitali. Ikabaki laptop.

Mama alikuwa anakumbuka kitu kimoja. Msimu wa korosho, Bakari alimrekodi video pale uani, akaihamishia kwenye laptop, akamwonyesha. Basi baada ya msiba mama akawa haombi kingine.

"Nataka nimsikie tu," anasema. "Sura yake ninayo. Sauti inanitoka."

Bado watu wanamwita Mama Bakari. Anaitika.

Nikapanda kwenda Newala na mashine yangu ya kazi. Nimekuta mjomba, mashangazi, majirani, wote wamekaa kunisubiri kama wanasubiri mpira uanze.

Laptop ina password.

Nikajaribu ninazozijua. Zote zimegoma.

Mjomba akashangaa, "Haka, mbona unabonyeza polepole? Wenzio kwenye sinema hata dakika haiishi!"

Wakuu, niliona aibu. Ungemwelezaje mtu kwamba yule wa kwenye sinema anabonyeza upuuzi mtupu, na majibu kashaandikiwa na mtunzi?

Wazee wa IT najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, disk niliichomoa, nikaiunganisha kwenye mashine yangu. Imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows yenyewe, inataka recovery key ambayo hatuna. Bakari alikuwa anatunza maksi za wanafunzi humo, na aliziogopea. Ningepiga windows upya laptop ingewaka vizuri tu, ila video kwaheri.

Nikairudisha disk. Pale kwenye password chini kuna sehemu ya kui-reset kwa maswali ya usalama. Maswali matatu.

Mji uliozaliwa. Rahisi.

Shule ya kwanza kusoma. Tulipita hiyo hiyo wote.

La tatu: jina lako la utani la utotoni.

Bakari la utani hakuwa nalo, la utotoni alikuwa nalo moja tu.

Kwa wasiotoka kwetu: mtoto wa kiume akienda jando anatoka na jina jipya. Lile la zamani linabaki kule likumbi, kambini. Siku ya kutoka kambi inachomwa moto, na mnaondoka bila kugeuka nyuma. Ukimwita mtu mzima jina lake la zamani umemtukana, na atakudai faini. Bakari alipotoka jando mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama. Sijawahi kulisikia.

Kaka aliiwekea laptop yake neno ambalo hakuna anayethubutu kulitamka. Niseme nini, alikuwa na akili yule bwana. Au labda alikuwa amelimisi. Hilo nalifikiria mpaka leo.

Nikamwambia mama laptop inauliza nini. Mashangazi wakainama. Mjomba akasema, "Hapana. Lile jina limeungua."

Mama akanigeukia mimi. Akaniuliza, "Lazima litamkwe?"

"Hapana mama. Linaandikwa."

Akawatoa wote nje. Nikataka na mimi kutoka, akasema, "Wewe kaa, nisije nikaharibu. Ila tazama kule."

Nikamwonyesha Enter ya kumalizia, nikageukia ukutani. Wala sikugeuka nyuma.

Nikamsikia mama anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Tap. Kimya. Anavuta pumzi. Tap. Anapangusa uso kwa kanga. Tap. Alikuwa analia taratibu, mtu anayemuita mwanawe jina ambalo hajamuita tangu akiwa kitoto.

"Tayari, ntoto wangu."

Hakukuwa na king'ora wala maherufi ya kijani. Windows ikasema tu niweke password mpya.

Video tuliikuta. Asubuhi, mama yuko uani anachambua korosho, Bakari anamnyatia na simu.

"Shikamoo mama! Leo unaonekana dunia nzima!"

Mama wa kwenye video hakuitika, alikuwa anacheka anajifunika kanga. Aliyeitika ni huyu aliyekaa pembeni yangu.

"Marahaba, Bakari."

Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Sauti nimeiweka kwenye memory ya redio yake ndogo. Majirani wanasema kila asubuhi Bakari anasalimia na mama anaitika.

Nilichojifunza: kompyuta ya mtu haifunguki kwa mbio za vidole kama kwenye movie. Inafunguliwa na aliyemjua mwenyewe. Na kama mzazi wako yupo, mrekodi leo, akuone msumbufu hivyo hivyo.

Karibuni wakuu, wa ufundi mnikosoe, na waliofiwa mtuambie mlibaki na nini. Ila yule atakayeuliza jina lilikuwa nani, asipoteze bando lake.

Silijui.