Firigisi ya Baba

Nilikwenda Firenze, Italia, kula raha, wala si kulia. Mwenye mgahawa akaniletea mkate uliopakwa maini, mvinyo mwekundu wa vilima vya hapo hapo, kisha bakuli la mchuzi wa vya ndani vya kuku. Mvinyo ule mtamu, wee! Nikawa najilamba vidole. Halafu nikaiona firigisi, na mkono ukagoma.

Nimekulia Euless, Marekani, kwenye fleti za karibu na uwanja wa ndege. Kila ndege iliposhuka, vyombo vilitetemeka kabatini. Baba aliendesha lori la masafa marefu, akirudi Jumapili, Mungu akijalia. Siku hiyo Mama alipika kuku mzima, nami nikichambua mchele, ingawa mchele wa Marekani hauna hata kijiwe. Firigisi ilikuwa ya Baba, basi. Nikiiomba, Mama anafoka, "Kwani wewe ndiye mwenye nyumba?" Aliifunika kwenye kibakuli hata kama Baba angechelewa mpaka sisi tumeshakula.

Kisha ikaja wiki ya barafu, barabara zikawa kioo. Baba hakurudi. Nyumba ikajaa watu wa kanisani, kina mama wakinikumbatia kupita kiasi na kunyamaza ghafla nikiingia. Nikauliza. "Baba amesafiri," wakasema, maana kwetu mtoto haambiwi habari za msiba. Mama akapanda ndege kwenda nyumbani Tanzania, mimi nikaachwa kwa jirani yetu Mkongomani. Alinisongea fufu, ugali wa kwao, akanibembeleza, "Kula, mutoto, baba atakuya." Nikamwamini kabisa. Nilishinda dirishani nikisikiliza malori, nikitaka kitu kimoja tu, arudi.

Mama alirudi amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Jumapili akapika kuku. Nikatoa kibakuli cha Baba, nikakiweka mezani. Mama akakitazama, akakirudisha kabatini. Akachota firigisi, akaitia kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu."

Hakuna aliyeniambia kitu, lakini nilijua. Nililia mpaka wali ukapoa. Nikaila kwa sababu Mama alikuwa ananitazama, na jamani, nilikuwa nimeitamani miaka yote ile, lakini siku hiyo ilikuwa ngumu na chungu mdomoni.

Siku hizi Mama hununua mapaja matupu, yale ya pakiti. Tukila, hakuna anayebakiziwa kitu.