Rivasi ya Datsun

Ukitaka kutukanwa pale Nunguni, mpelekee Kyule gari ulilolikausha oili. Fundi huyo hana breki mdomoni. Ila kwa wazee hugeuka kondoo. Alilelewa hivyo, kwamba mtu wa umri wa baba yako humfundishi kitu.

Basi Mzee Kivuva alipomletea Datsun yake ya mwaka wa sabini na nne, giaboksi imesagika meno, Kyule alisema tu, "Sawa, mzee." Vipuri vyake havipatikani tena. Alitoa giaboksi ya gia tano kwenye Datsun nyingine iliyokuwa ikiozea Kibwezi, akachomelea mahali pa kuifungia, ikakaa vizuri. Kulikuwa na jambo moja. Rivasi, gia ya kurudi nyuma, sasa ilikuwa juu kushoto, pale pale mzee alipozoea kuingiza gia ya kwanza tangu ujana wake.

Jumapili Kyule mwenyewe alilipeleka gari kanisani likaombewe kabla mzee hajalishika. Alikusudia kumwambia. Lakini Kivuva alikuja na suti, waumini wote wakitazama. Utamwonyeshaje gia ya kwanza mtu aliyekuwa akiendesha kabla hujazaliwa? Akampa ufunguo na kusema, "Ni gia tano sasa, mzee. Pole pole tu."

Pasta alipomaliza kuomba, Kivuva aliingia, akasukuma gia alivyozoea, akaachilia klachi. Datsun ilirudi nyuma kwa kishindo, ikaponda viti vya plastiki na kumwaga sufuria nzima ya muthokoi, mahindi na maharagwe waliyopika akina mama. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Mzee alishuka. "Mimi nimeisha," alisema. "Nilikuwa naenda mbele."

Pasta akawaita watu waje wamwombee macho na akili. Walimzunguka, na Kyule, aliyekuwa amesimama karibu, akavutwa ndani ya duara. Akaweka mkono juu ya upara wa mzee na kuitikia amina pamoja na wengine. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Wiki hiyo ikasikika kwamba Kivuva anauza Datsun, gari lililokuwa likimpeleka mkewe Syokau kliniki kwa sababu ya magoti. Mnunuzi alikuwa aje Ijumaa. Alhamisi Kyule alikwenda kwake, akamkuta akilifuta vumbi.

"Mzee, macho yako iko sawa," alisema. "Ni mimi. Rivasi iko mahali gia ya kwanza ilikuwa, na sikukuambia. Niliogopa kukufundisha."

Kivuva aliendelea kufuta kioo kilekile, kilichokwisha takata.

"Wiki yote nimeambia Syokau azoee kutembea," alisema mwishowe. "Na ile siku, si hata wewe uliniwekea mkono kwa kichwa?"

"Niliweka, mzee."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kyule alingoja matusi, na angeyashukuru. Mzee hakumtukana. Alifungua mlango, akaketi kwenye usukani, akashika gia.

"Ingia," alisema. "Lete huo mkono. Weka juu ya wangu, unionyeshe."

Kyule aliingia, akauweka. Walitafuta gia ya kwanza pamoja, naye hakuweza kumtazama mzee usoni.