Kimekwenda Chako, Mwalimu

"Jirani, mdogo wako ana nini? Mbona anatembea uani kafumba macho?" mwenzangu wa nyumba ya pili aliniuliza siku moja, kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za mgonjwa.

Nilicheka. Huyo ni kitinda mimba wetu, mwalimu wa roboti chuoni. Tunamwita Tiara, kishada cha upeponi, maana tangu utotoni hatulii. Somo lolote hulicheza kwanza kwa mwili wake: anatembea, anagusa ukuta, anasimama, anageuka. Wanafunzi wake wapya nao huwachezesha hivyo hivyo, mmoja roboti, mwenzake mtoa amri. Ndipo huwapa kigari kinachokwenda tayari, chenye kompyuta ndogo tumboni, wabadilishe amri moja tu waone kitafanyaje. Mwisho hukiharibu makusudi, wautafute ugonjwa wenyewe.

Basi mkuu wa chuo akasema Ijumaa atakuja kuangalia. Wanafunzi wakishindwa kukiponya kigari peke yao, vigari vitafungiwa stoo, watu wasome vitabuni tu.

Tangu hapo Tiara hakai. Hata chai anainywa wima. Namwambia, "Keti, mama," anaketi, mara yuko mlangoni. Nimemwombea utulivu, na Mungu husikia, ila miguu ile bado haijapata habari.

Wala hawahofii wanafunzi. Anauhofia mkono wake. Jana mmoja wao, fundi cherehani, alikwama. Kigari kinagonga ukuta, kinarudi, kinagonga tena. Kabla mama wa watu hajamaliza kufikiri, Tiara kavamia kibodi, kaandika, kigari kikageuka vizuri. Darasa likapiga makofi. Fundi hakupiga.

"Kimekwenda chako, mwalimu," alisema. "Changu bado kinagonga ukuta."

"Nilitaka kukusaidia tu, dada."

"Haya. Na mimi nikikushonea kila siku, utajua kushona?"

Darasa zima likaangua kicheko, Tiara naye akacheka nao, lakini neno lile lilimchoma.

Jioni hii ya Alhamisi kanisimulia hayo huku akizikunja upya nguo nilizokwisha kuzikunja. Nikamshauri kesho atie mikono mfukoni. Akasema ameshajaribu, ilitoka yenyewe. Akaizunguka meza, akaenda dirishani, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Dada, kesho twende wote ukae karibu yangu. Ukiona mkono wangu unaondoka, ushike."