Usukani wa Kushoto Mpaka Homa Bay

Mong'ina hakuwa mtu wa kutishwa na gari. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameendesha pikapu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay hadi sokoni Migori, mvua na jua, na wanaume wa stendi walishazoea kumpisha. Kwa hiyo Nyarangi, mdogo wa marehemu mumewe, alipomwambia, "Shemeji, gari la kaka ni la mwanamume, nipe ufunguo," alicheka mpaka akashikilia mlango.

Gari lenyewe, jameni! Ford Fairlane ya mwaka wa sitini na tatu, rangi ya samawati, pana kama kitanda cha maharusi. Mmisionari Mmarekani aliliacha, mumewe Ogeto akalinunua, akalipenda hadi Mong'ina akaona wivu. Usukani wake uko kushoto, kama ilivyo kwao Marekani. Sasa sisi huku tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo dereva wa Fairlane anakaa ukingoni kabisa na haoni kilicho mbele ya lori. Lazima mtu akae kulia amwambie, "Ngoja," au, "Pita." Ogeto akiwa hai, mtu huyo alikuwa Mong'ina.

Ogeto na wenzake wanane wa Migori na Homa Bay walikuwa na chama chao cha magari ya Kimarekani. Kila Agosti walikutana Homa Bay, Jumapili, maana Wasabato Jumamosi wako kanisani na Wakatoliki hutoka misa ya kwanza. Mwenzao akifa, gari lake hubaki kwenye orodha ya chama iwapo mtu wa nyumba yake ataliendesha mwenyewe mpaka mkutanoni kabla ya saa sita, na aliyekaa kulia atoe ushahidi. Ukoo nao ukafuata sharti hilohilo: Mong'ina akilifikisha, gari ni lake, akishindwa, ni la Nyarangi.

Nyarangi, mjanja wee, akaomba akae kulia.

"Kaa tu," Mong'ina akamwambia. "Utaona vizuri ukiwa karibu."

Waliondoka Migori saa nne kasoro. Walipopita Awendo wakakuta trekta limevuta matela mawili ya miwa, linajikokota.

"Ngoja," Nyarangi akasema.

Mong'ina akangoja. Hakikupita kitu, hata bodaboda.

"Ngoja kidogo, shemeji."

Akangoja tena. Upande ule kimya. Nusu saa nzima walikula vumbi la miwa, na mara sita aliambiwa angoje, na mara sita hakukuja mtu. Hapo hasira zikampanda kweli.

"Nyarangi, unanifanya mjinga?"

"Nalinda roho zetu."

"Haya. Linda."

Aliacha kumsikiliza, akaanza kuisoma barabara. Ilipopinda kushoto, akagundua kwamba kutoka pale ukingoni aliweza kuchungulia ubavuni mwa matela na kuona lami yote iliyo mbele, mpaka kilimani. Kumbe kiti kile nacho kina macho yake! Akasubiri kona iishe, akawasha taa ya kulia, akaikanyaga Fairlane. Ikanguruma, ikapita trekta na matela yake yote, na Nyarangi akashika dashibodi kwa mikono miwili akimwita Mungu kwa Kigusii.

Waliingia Homa Bay saa sita kasoro dakika nane. Chrispine, mwenyekiti wa chama, akaacha kupangusa Plymouth yake akaja na daftari.

"Nyarangi, wewe ndiye uliyekaa kulia. Nani aliyeendesha?"

Nyarangi akageuka kuitazama Fairlane. Gari hilo alilitamani tangu ujana. Yeye ndiye aliyekuwa akiliosha kila Ijumaa kaka yake akiwa hai. Alichohitaji ni kusema walipokezana usukani, basi.

"Ni yeye," Nyarangi akasema. "Toka nyumbani mpaka hapa. Mimi nilimwambia angoje hata barabara ilipokuwa tupu. Andika na hilo."

Watu wakatazamana. Mong'ina aliona aibu kwa niaba yake, kisha akahisi huruma, huruma kubwa ambayo hakuitarajia. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo na amepanga matusi yake yote, na sasa hayakuwa na kazi.

"Aa, nyar Kisii, binti wa Kisii!" Chrispine akacheka. "Niandike Mama nani?"

"Andika Mong'ina."

Jua lilipopoa na wali na samaki vimekwisha, Mong'ina akaenda kwenye Fairlane, akaufungua mlango wa kushoto na kumwita shemeji yake.

"Ingia uendeshe. Mimi nitakaa kulia."

Nyarangi hakusogea. "Na nikitaka kupita lori?"

"Nitakwambia ukweli," Mong'ina akasema, akampa ufunguo.